Mwaka Mianzi Ilipoungua

Nililewa kwa mara ya kwanza kabla sijang'oka jino hata moja la utoto. Wajukuu zangu wakisikia hivyo hucheka, wakidhani bibi yao anatia chumvi. Sitii. Kwetu Kitandililo, katika miaka ile ambayo bendera ya Mwingereza bado ilipepea pale bomani Njombe, hapakuwa na mtoto ambaye hakulewa kila msimu wa mvua, na hapakuwa na mzazi aliyeliita jambo hilo kulewa. Tuliliita kushiba.

Ulanzi ni maji ya mwanzi mchanga. Mvua zikianza, machipukizi huchomoza ardhini, na mgema huyakata ncha asubuhi na jioni, kisha hufunga kwenye mkato chombo cha pingili ya mwanzi mkavu kiitwacho mbeta. Maji hudondoka humo. Yakinywewa siku hiyohiyo huwa matamu, nasi huyaita mtogwa. Yakilala siku moja au mbili huwa makali, na hayo ni ya watu wazima. Ndivyo tulivyogawana, mkali wa baba na mtamu wa watoto. Kwamba hata ule mtamu huanza kuchachuka ukiwa bado unadondoka, hilo tulilijua wote, maana tuliuona ukitoa povu. Ila povu halikumtisha mtu.

Baba yangu alikuwa mgema hodari. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini baba alisifiwa kuanzia kwetu hadi Makambako barabarani, na sijasikia hata siku moja kwamba alitia maji. Alikuwa mtu mpole mwenye kiburi kimoja tu, nacho kilikuwa kichaka chake cha mianzi.

Nilipokuwa na umri wa kama miaka minane nilipewa kazi ya kumlea mdogo wangu wa kike. Alikuwa ameachishwa ziwa karibuni kwa sababu mama alikuwa mjamzito tena. Miezi ile ya palizi mama aliondoka asubuhi na mapema pamoja na wanawake wenzake, katika ule utaratibu wetu wa kulimiana mashamba kwa zamu uitwao mgowe, na hawakurudi mpaka jua limeelemea magharibi. Mahindi ya ghalani yalikuwa yamekwisha, na mapya hayajakomaa. Mama aliniachia viazi viwili vya kuchemsha na mbeta moja ya mtogwa. Viazi nilikula mimi. Mtogwa nilimpa mtoto, akanywa, akalala, nami nikaenda kucheza. Akiamka nilimpa tena. Sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa mtoto mwenye njaa na hamu ya kucheza, na nilifanya kama walivyofanya walezi wote wa rika langu.

Basi mdogo wangu akasifiwa. Mtoto mwema kwetu alikuwa mtoto mtulivu, na yeye alikuwa mtulivu kuliko wote. Wanawake waliporudi kutoka shambani walichungulia, wakamkuta amekaa pale nilipomweka, wakamwambia mama ana bahati. Baada ya wiki kadhaa mashavu yake yakajaa na miguu ikanona. Bibi, yaani mama mzazi wa baba, aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwetu, alifurahi sana. Alisema angalau amepata mjukuu mmoja anayenenepa wakati wa njaa.

Halafu nywele zake zikawa nyepesi, zikageuka rangi ya ndevu za mahindi. Ngozi ya miguu ikaanza kubanduka. Hapo sifa zikaisha na minong'ono ikaanza, watu wakisema mtoto amebemendwa. Kwa asiyelijua neno hilo, maana yake ni kwamba wazazi hawakusubiri, kwamba mama alirudi kwa mumewe kabla ya wakati na kumharibia mtoto maziwa. Haikuwa habari ya ugonjwa, ilikuwa habari ya tabia ya mama yangu. Na ushahidi, kama walivyouona wao, ulikuwa tumboni mwake, unakua kila mwezi mbele ya macho ya watu.

Makambako palikuwa na zahanati ndogo na dresa wake wa kutibu wagonjwa, mwendo wa nusu siku. Lakini kwenda huko kulimaanisha kutembea njia yote hiyo na mtoto aliyevimba mgongoni na mimba mbele, ukisalimia kila unayekutana naye, naye akikutazama chini kisha juu. Mama hakuweza. Alimficha mtoto ndani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu alikufa mahindi yalipokuwa yanakauka shambani, chakula kikiwa kimebakiza wiki chache tu kufika nyumbani. Mpaka leo jambo hilo hunitia hasira, ule ukaribu wa chakula. Nililia mpaka nikapata homa. Mama hakulia mbele za watu, kwa sababu aliona kwamba hata machozi yake yangehesabiwa kuwa toba.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa baada ya mavuno. Mwishoni mwa kiangazi kilichofuata, vijana waliokuwa wakiwinda ndezi walichoma majani ili wanyama watoke, upepo ukageuka, na moto ukaingia kwenye mianzi ya kijiji. Kichaka cha baba kiliteketea pamoja na vingine vyote vya upande wetu. Baba alikaa juu ya jiwe akikiangalia kama mtu aliyefiwa. Mvua zilipokuja, machipukizi yaliota membamba kama vidole, hayakugemeka.

Mwaka huo kila mtu aliuita mwaka mbaya. Wazee walinuna. Wanaume walitembea mbali kutafuta ulanzi wakarudi na hadithi tu. Na watoto, yarabi, watoto walilia. Kijiji kizima kilikuwa kelele tangu asubuhi, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuwalaza. Walezi tulishindwa, tukawabeba watoto hadi mashambani kuwarudisha kwa mama zao. Wanawake ikabidi waache majembe mchana, wawashe moto palepale pembeni mwa shamba, wachemshe walichokuwa nacho: majani ya maboga, njegere kidogo kutoka bondeni, maharage machache yaliyofichwa, hata kumbikumbi wa kukaanga. Palizi ikachelewa, wakalaumiana. Nakumbuka mwanamke mmoja akisema kwamba akimjua aliyewasha ule moto, atamletea watoto wake wote wanne awalee yeye.

Siku moja wakati wa kuvuna, mama alisimama katikati ya mabua na kuniuliza mwaka huo tumezika mtoto wa nyumba gani. Nikafikiri. Nikapita nyumba moja moja kichwani, nikamwambia hakuna. Akaniuliza na mwaka uliotangulia. Nikazitaja nyumba tatu, na ya tatu ilikuwa yetu. Akaendelea kuvunja mahindi.

Sasa ninapolitazama jambo hilo, naona kwamba mama yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani zaidi ya yale mafundisho ya kipaimara, alifanya jambo gumu sana. Msiba una matanga na vilio, kila mtu ataukumbuka. Msiba usiotokea hauna hata mtu wa kuusimulia. Kijiji kizima kiliukumbuka mwaka ule kwa ulanzi uliokosekana, yeye akaukumbuka kwa makaburi yaliyokosekana. Aliliweka jambo hilo moyoni miezi kadhaa bila kumwambia mtu mwingine.

Mvua zilizofuata mianzi ilirudi kwa nguvu, na baba akarudi kuwa mtu. Mama alikuwa mjamzito tena, na mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa alitembea, akaachishwa ziwa. Siku ya kwanza ya palizi Bibi alikuja mwenyewe na mbeta ya mtogwa. Kwetu anayekupa kinywaji hutangulia kukionja mbele yako, uone kwamba hakina sumu. Bibi akaonja, akampa mama. Mama alipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaiweka chini, na hakumpa mtoto.

Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku ya tatu pia. Mkwe kukataa kinywaji cha mama mkwe ni jambo zito, na mama hakuwa na ujasiri wa kulikataa kwa maneno. Aliniachia boga la kupondaponda nimpe mtoto, akaniambia mtogwa nisiuguse. Sikuugusa. Lakini mama akishaondoka, Bibi alikuja na mbeta yake akamnywesha mjukuu wake mikononi mwangu, nami nilikuwa nani wa kumzuia. Mtoto alilala, nyumba ikatulia. Bibi alimpenda mtoto yule kuliko pumzi yake, hilo naliandika hapa ili msimfikirie vibaya.

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, mama alimpakata mtoto na kumbonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu. Kishimo kikabaki. Akabonyeza mguu wa pili, kikabaki vilevile. Akaniambia nimbebe nimfuate, tukaenda moja kwa moja kwa Bibi.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni akimenya njegere. Mama akapiga magoti, akamsalimu, akamweleza yote: ule mwaka wa moto, watoto waliolia, mama zao walivyolazimika kuwapikia mchana, na kwamba hapakuwa na kaburi hata moja dogo. Kisha akamwonyesha miguu ya mtoto. Bibi aliendelea kumenya. Nilijua, kama wote walivyojua, kwamba yeye mwenyewe alizika watoto wanne, na kwamba ujanani naye alisemwa kwa kubemenda, kama mama alivyosemwa.

"Wanangu wanne," alisema mwishowe. "Unaniambia ni mimi niliyewaua?"

"Mama, kama huko ni kuua, basi na mimi nilimuua wangu," mama akajibu. "Hatukujua. Lakini huyu tukimpa, tutakuwa tunajua."

Bibi akatuambia twende zetu. Hakututazama.

Njiani nilisimama. Mama alikuwa amesema ni yeye aliyeua, Bibi naye alikuwa ameuliza kama ni yeye, lakini mkono ulioshika ile mbeta siku baada ya siku ulikuwa wangu. Nikamwambia mama kila kitu, kwamba viazi nilikuwa nakula peke yangu, kwamba mtoto akiamka nilimpa mtogwa tena ili nikacheze. Nilitegemea kipigo, na kwa kweli nilikitaka. Mama akasema kwamba aliyeacha mbeta ni yeye, mimi nilifanya nilichotumwa. Akanipokonya mtoto akambeba mwenyewe hadi nyumbani, na mimi nikatembea nyuma yake nikilia kwa nafuu.

Siku tatu Bibi hakuonekana kwetu. Mama hakwenda kwenye mgowe siku hizo, akijua vizuri kwamba wenzake wanamsema kwa kuwaachia zamu. Siku ya nne asubuhi Bibi aliingia uani na chungu kichwani, na ndani ya chungu maharage. Mama alipoyaona alishtuka, kwa kuwa yalikuwa mbegu. Bibi aliyatunza kwenye majivu tangu mavuno, ayapande mwezi wa tatu, na mtu wa kwetu hali mbegu hata akiwa amekonda namna gani. Mama alianza kukataa.

"Nenda shamba," Bibi akamwambia. "Mimi sitapanda maharage ambayo sina wa kumlisha."

Akawasha moto. Aliyachemsha maharage mpaka yakalainika, akayamenya maganda kwa kuyasugua kwenye ungo, akayaponda na viazi. Mtoto hakutaka. Hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa ule, mwili unalilia chakula na mdomo unakikataa. Bibi alimlisha kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, tangu asubuhi hadi mama aliporudi, na kesho yake akaja tena.

Kilichofuata kilitutisha. Uvimbe ulipungua, na chini yake akatokea mtoto aliyekonda, mbavu nje, shingo kama ya kifaranga. Majirani waliopita wakashika vifua. Walisema mtoto alikuwa mnene, bikizee amemkausha. Neno uchawi halikutamkwa, lakini lilikuwa limeshafika kwenye ugo wetu. Hata baba, ambaye siku zote hizo alikuwa amenyamaza, alimwambia mama ingekuwa vema mtoto apewe mtogwa kidogo arudishe mwili. Mama akamjibu kwamba ule haukuwa mwili. Bibi mwenyewe alianza kutetereka. Siku moja akipika aliniuliza mimi, mtoto wa miaka kumi, kama kweli tunafanya vizuri. Nikamwambia sijui, kwa sababu sikujua. Nilichojua ni kwamba tukikosea, safari hii tutamzika machoni pa kijiji kizima na hakuna atakayetusamehe.

Asubuhi ya pili yake mtoto aliutazama moshi wa jiko, akaona chungu bado kimefunikwa, akafungua mdomo, akalia. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa hasira ya mtu aliyecheleweshewa chakula chake, na sauti ilikuwa kubwa ajabu kwa mwili mdogo vile. Bibi aliachia mwiko. Alikaa chini kwenye majivu akicheka na machozi yakimtoka, naye mtoto akazidi kupiga kelele kwa sababu sasa chakula kilichelewa zaidi.

Tangu siku hiyo baba hakuleta tena mtogwa uani kwetu. Hakutangaza kitu, si tabia yake. Aliendelea kugema, akawa anapeleka ulanzi wake Makambako na kurudi na maharage waliyompa huko badala yake, akayatua mlangoni kama mtu aliyeyaokota njiani. Mama alimtania kwamba mianzi yake imeanza kuzaa maharage. Baba akasema mianzi yake huzaa chochote.

Mwanamke wa kwanza kuja alikuwa yule wa watoto wanne. Alisimama nje ya ugo na mtoto wake wa mwisho mgongoni, miguu ya mtoto ikimeremeta kwa uvimbe, na hakuthubutu kuingia. Kumlisha mtoto wa mwenzio kwetu kulikuwa hatari kwa wote wawili. Mtoto akiumwa tumbo jioni, mlishaji ana kesi. Bibi alimwita. Akachota maharage kwa kijiko, akayala yeye kwanza, taratibu, mdomo wazi ili mwenzake aone yameshuka, jinsi ile ile tunavyoonja ulanzi mbele ya mgeni. Kisha akampa mtoto. Mwanamke yule akaondoka kwenda shamba, na kesho yake akaja na njegere zake kwenye kikapu.

Palizi ilipoisha Bibi alikuwa na watoto tisa uani. Wanawake wa mgowe walipanga wenyewe kwamba shamba la Bibi litapaliliwa kama la mtu aliyefanya kazi siku nzima, maana ni kweli alikuwa amefanya. Ulipofika wakati wa kupanda maharage, naye hana mbegu, kila mama alimletea konzi moja. Rangi zilichanganyika, mekundu na ya madoa na ya njano, na shamba lake mwaka huo lilikuwa kichekesho.

Sitawadanganya kwamba wote walikubali. Wapo waliocheka, wapo waliosema mama yangu ameleta ya Kizungu, ingawa hapakuwa na Mzungu aliyemwambia. Wapo walioendelea na mtogwa, na baadhi yao walizika. Neno la kubemenda halikufa mara moja, linajikokota mpaka leo. Lakini wasichana tuliokuwa walezi uani pale tulikua, tukaolewa, wengine Njombe, wengine mpaka milima ya Makete, na kila mmoja aliondoka akijua kupika maharage ya mtoto na kujua kwamba miguu hubonyezwa. Hakuna aliyetufundisha kama somo. Tulikuwepo tu, tukaona. Siku hizi wataalamu wana maneno marefu ya kueleza jinsi mazoea ya watu wa leo yanavyoamua afya ya watakaozaliwa kesho, nami huyasikiliza kwa adabu.

Miaka michache baadaye, Bibi akiwa amezeeka kweli na macho yameanza kupungua, bwana afya alikuja kutoka Njombe na baiskeli, na picha kubwa ya mtoto aliyevimba. Alikuja mchana, saa mbaya kuliko zote, chungu hakijaiva. Alisimama uani akaanza kueleza, na watoto wakawa wanalia njaa kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, mtoto wa mwisho wa mama akiongoza. Bwana afya alipandisha sauti, wapi. Mwishowe akakunja picha yake, akasema vijiji vingine alikopita watoto hukaa kimya wakati wa mafundisho, akamwuliza Bibi kwa nini hawanyamazishi hawa.

Bibi alikuwa akikoroga chungu. Hakugeuka.

"Waache walie, bwana," alisema. "Anayelia yupo."